Vizibo vya Soda na Watazamaji Wasionyamaza

Mgeni wa Kakamega huonyeshwa mafahali wanaopigana asubuhi na mapema, kisha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Drafti haonyeshwi. Pengine kwa kuwa haina pembe wala vumbi: watu wawili wameinama kando ya steji ya bodaboda, na nyuma yao kundi linalobishana.

Wengi husema drafti ni akili, ubao hauna neno. Sikubaliani nao. Ubao wa fundi anayejua kazi yake hupigwa msasa, miraba 64 ikapimwa kwa rula, kisha ukazungushiwa fremu nyembamba ili kete zisimwagike mtu akigonga kwa hasira. Kete ni vizibo vya soda, 12 kila upande, huyu akichezea vilivyolala kifudifudi na mwenzake vilivyo chali. Wala si kizibo chochote tu. Kilichopindwa na kifungulio huyumbayumba, nacho huachiwa watoto. Vinavyogombewa ni vile vilivyonyooka, meno yamelainishwa na vidole vya watu wengi. Kete ikifika mstari wa mwisho huongezewa kizibo cha pili, ikawa kingi, na bati likigonga bati hata muuza mahindi wa ng'ambo ya barabara hugeuka.

Aliyeshindwa hupisha, hata kama ubao ni wake. Mtazamaji hagusi kete, ila mdomo wake haufungwi na mtu. Ndipo utamsikia kijana wa bodaboda akimwambia mzee, "Kuka," yaani babu, "leo utalala njaa," na mzee akacheka. Maneno hayohayo nyumbani yangeitisha kikao. Wanawake ni nadra kuwaona hapo, na hilo halinishangazi: saa za drafti ndizo saa ambazo wengi wao wako sokoni au jikoni.

Kwa uzuri wa ubao, hata hivyo, mimi nipe ajua. Waluo na majirani zao huicheza kwa safu mbili za mashimo, si kama bao la pwani lenye safu nne, mashimo 32 na kete 64. Ubao mzuri huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, shimo likiwa na kina cha kuruhusu vidole vichote mbegu zote kwa mkupuo mmoja. Mashimo yakipishana kina, jicho hudanganyika, na mchezaji hodari huhesabu kwa jicho.

Siku hizi ajua na drafti zimeingia hata katika mashindano ya wafanyakazi wa kaunti, KICOSCA, wachezaji wakivaa jezi mbele ya refa. Nawatakia heri. Ila wa steji watakuuliza bingwa huyo aliwahi kushinda wapi huku watu wakimzomea sikioni.