Milango ya Tumboni: Chakula, Umri na Utumbo Wako

Leo twende wote kisiwani Juani, Mafia. Huko ndiko yaliko magofu ya Kua, mji wa kale wa Waswahili ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ukabaki bila watu. Nilifika huko na kundi la wanafunzi wa sekondari. Tulizunguka kwenye mabaki ya misikiti na jumba kubwa mpaka jua likawa kali na njaa ikaanza kuuma.

Wanafunzi wakafungua mifuko yao: biskuti, krispi, soda. Bibi mmoja wa kisiwani akatukaribisha muhogo wa nazi, kunde na samaki wa kuchoma. Kijana mmoja akaninong'oneza, "Dada, hicho si chakula cha shida?" Kumbe bibi amesikia! Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, shida ni kukosa. Karibu ule."

Tulikula, tukashiba. Lakini lile swali halikunitoka. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba chipsi ni maendeleo na kunde ni umaskini. Je, utumbo wako nao unaamini hivyo? Hebu tuuulize.

JUMBA MOJA, VYUMBA VINGI

Kwenye somo la baiolojia umejifunza kuhusu DNA, ile ramani ya mwili uliyorithi kwa baba na mama. Karibu kila seli yako ina ramani ileile. Sasa mbona seli ya jicho haifanyi kazi ya utumbo?

Fikiria lile jumba la Kua enzi zake, likiwa na watu ndani. Lina vyumba vingi. Kila chumba ni jeni moja, na kila chumba kina mlango. Katika seli ya jicho, milango ya vyumba fulani iko wazi na mingine imefungwa. Katika seli ya utumbo ni mingine. Jumba ni lilelile, ila milango iliyofunguliwa ni tofauti.

Elimu inayochunguza namna milango hii inavyofungwa na kufunguliwa, bila kubadilisha ramani yenyewe, inaitwa epijenetiki. Komeo mojawapo ni kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili: kaboni moja na hidrojeni tatu, basi! Methili nyingi zikijibandika mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Njia nyingine ni jinsi DNA inavyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Ikikazwa sana, jeni haisomeki. Ikilegezwa, inasomeka.

UMRI UNAFANYA NINI?

Ngozi ya ndani ya utumbo ina kazi ngumu, kwa hiyo seli zake nyingi hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli mpya zinazaliwa na seli mama zilizojificha kwenye vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo. Seli za juu zinakufa na kutoka, lakini seli mama zinabaki miaka na miaka. Makomeo yakijibandika kwenye seli mama, watoto wake nao wanayarithi.

Mwaka 1994, Jean-Pierre Issa na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba katika utumbo mpana wa watu, hata sehemu zisizo na ugonjwa, methili kwenye jeni fulani zinaongezeka kadiri umri unavyokwenda. Tangu hapo watafiti wengi wameona mambo kama hayo kwenye jeni nyingine pia.

Tatizo liko wapi? Baadhi ya vyumba vinavyofungwa ni vya walinzi, yaani jeni zinazozuia seli kuzaliana ovyo. Mlinzi akifungiwa ndani, seli iliyoharibika inaweza kuzaliana bila wa kuizuia. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoelekea kwenye saratani ya utumbo mpana.

Usiogope! Kuwa na makomeo si kuwa na saratani. Kila anayeishi anayapata. Ila mambo haya hayaanzi ukiwa mzee. Yanakwenda polepole kwa miaka mingi, na wewe tayari uko safarini.

CHAKULA KINAINGIAJE HAPO?

Umri huwezi kuuzuia, lakini sahani yako unaweza kuipanga.

Kwanza, nyuzinyuzi, au makapimlo. Ni ile sehemu ya mimea ambayo tumbo lako haliwezi kuisaga: ndani ya kunde, mbaazi, choroko, mtama, dona, mboga za majani, matunda na ubuyu. Zikifika utumbo mpana zinakutana na bakteria wengi mno. Wao ndio wanaozila, na kama malipo wanatengeneza kitu kiitwacho butireti. Butireti ni chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Vilevile inazuia vimeng'enya vinavyosaidia kuikaza DNA kwenye histoni. Yaani inasaidia baadhi ya milango isikwame. Mkate mweupe na soda haviwaachii bakteria hao chochote cha maana.

Mwaka 2015, Stephen O'Keefe na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la aina yake. Wamarekani Weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, butireti yao iliongezeka zaidi ya mara mbili, na uvimbe-joto kwenye utumbo ukapungua. Wale wa Afrika Kusini, walipopewa nyama nyingi na mafuta, mambo yakageuka kinyume. Wiki 2 tu!

Pili, virutubisho. Mwaka 2013 watafiti wa Norwich, Uingereza, walipima methili kwenye utumbo wa watu wasio na saratani. Umri ndio uliokuwa na nguvu kuliko vyote. Lakini waliokuwa na vitamini D na seleni ya kutosha walielekea kuwa na methili chache kwenye jeni walizopima, na wanene kupita kiasi walielekea kuwa na nyingi. Seleni inapatikana kwenye samaki. Vitamini D inatokana na jua, na iko pia kwenye samaki wenye mafuta. Sasa niambie, mtoto wa Mafia anakosa nini hapo?

Angalia lakini: utafiti huo unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine.

NA HAPA KWETU?

Hapa Tanzania, mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Kilimanjaro, uliofanywa na watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi. Walishiriki wanaume 77. Baadhi ya waliozoea vyakula vya asili walipewa vyakula vya kisasa kama soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki 2. Wengine waliozoea vya kisasa walirudishwa kwenye vya asili: kunde, mboga, ndizi za kupika na nafaka zisizokobolewa.

Waliohamia vya kisasa, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe-joto kuongezeka, na kinga yao ikawa dhaifu zaidi kupambana na vijidudu. Waliorudi vya asili, uvimbe-joto ulipungua. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Utafiti huu ulipima damu, haukupima makomeo ya utumbo. Lakini uvimbe-joto wa muda mrefu ni mojawapo ya vitu vinavyoharakisha makomeo hayo kujibandika.

Kwa hiyo yule bibi wa Juani hakuwa anatulisha shida. Wenye shida walikuwa bakteria wetu, tulipokuwa tunawalisha biskuti.

JE, NI KWELI?

"Wazee wa zamani walikula vya asili, ndiyo maana hawakuugua."
Si kweli. Malaria, kuhara na uzazi usio salama viliwaua wengi mapema. Tuchukue chakula chao, na chanjo, vyandarua na kliniki za leo tusiviache.

"Nikimeza vidonge vingi vya vitamini nitakuwa salama."
Hapana. Katika utafiti wa Norwich, waliokuwa na foleti nyingi zaidi mwilini walielekea kuwa na methili nyingi zaidi. Foleti ya kwenye matembele, mchicha na maharage ni muhimu, kwa hiyo endelea kula. Na kama dada yako ni mjamzito na kliniki imempa vidonge vya foliki, ameze kama alivyoelekezwa. Vinamkinga mtoto.

"Kuna dawa ya kusafisha utumbo, inauzwa stendi."
Tunza hela yako. Utumbo unajisafisha wenyewe ukipata nyuzinyuzi na maji ya kutosha.

"Basi chipsi ni haramu?"
Hapana bwana! Chipsi ya mara mojamoja haimfungii mlinzi mlango. Tunazungumzia unachokula kila siku, mwaka hadi mwaka.

UANZIE WAPI?

Wiki hii jaribu hivi. Siku 3 kula kunde, mbaazi au maharage. Badala ya soda, kunywa maji, na hela inayobaki nunua embe au papai. Ubuyu uwe ule wa kawaida, usiotiwa sukari na rangi. Kama shuleni mnakula ugali, muulizeni mwalimu wa chakula kama dona inawezekana. Usivute sigara. Cheza mpira, kimbia, ogelea.

Na hili usilichukulie kimzaha. Ukiona damu kwenye choo, au tumbo limebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, nenda zahanati. Kwa vijana mara nyingi huwa ni amiba, minyoo au bawasiri, na vyote vinatibika. Mkumbushe pia babu na bibi. Wao umri umeshawatembelea zaidi, na wengi wanaona aibu kusema.

Unataka kujua ya yule kijana wa Kua? Aliomba kunde mara ya pili. Bibi akampakulia, wala hakusema neno.

Tuonane toleo lijalo. Kula vizuri!