Kumtanguliza Mwenzako

 Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Walio nyuma wasogee karibu na redio. Kama yuko bibi au mzee aliyesimama, kijana mmoja na ampishe kiti. Ahsante. Huyo aliyempisha amekwisha kuanza somo la leo kabla yangu.

Andikeni neno hili: u-nye-nye-ke-vu. Lisomeni pamoja. Unyenyekevu ni hali ya mtu asiyejikweza, mtu anayemtanguliza mwenzake. Kinyume chake ni kiburi. Leo tutaeleza neno hili kama lifundishwavyo katika dini ya Kikristo. Wenzetu Waislamu mliomo darasani, sikilizeni nanyi, kwa maana jirani ni jirani.

Tuanzie Kariakoo, mahali tunapopajua sote. Je, wajua jina hilo limetoka wapi? Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Hapo Kariakoo wakaweka kambi ya wapagazi wao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Kazi ya wapagazi ilikuwa kuchukua vyakula, risasi na mahema ya jeshi. Walitembea porini, mizigo kichwani, mvua na jua. Hesabu ya Waingereza wenyewe ilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa katika vita hivyo Afrika Mashariki. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi na njaa.

Sasa nawauliza: je, wapagazi wale walikuwa wanyenyekevu? Fikirini kidogo kabla ya kujibu.

Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Hawakuchagua kuwa chini; waliwekwa chini. Huo si unyenyekevu, huo ni uonevu. Tofauti hii ni kubwa, nanyi muishike sana.

Sasa tazameni mfano wa pili. Umo katika Injili ya Yohana, sura ya 13. Zamani zile watu walitembea kwa viatu vya wazi katika njia za vumbi, na kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya mtumishi. Usiku ule Yesu aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika chombo, akawaosha wanafunzi wake miguu. Petro aliona haya, akakataa kwanza. Aliona kazi hiyo haimfai bwana wake. Lakini Yesu alijua vema yeye ni nani, wala hakuna aliyemlazimisha. Alishuka kwa hiari yake, kisha akawaambia nao watendeane hivyo.

Mtume Paulo, alipokuwa kifungoni, aliwakumbusha Wakristo wa Filipi jambo lilo hilo. Lisomeni katika Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2.

Basi twajifunza nini? Mwenye kupaswa kushuka kwanza ni yule aliye juu. Tajiri asimwambie kibarua wake apokee ujira mdogo kwa sababu ya unyenyekevu. Mume asimwambie mkewe anyamaze tu kwa sababu ya unyenyekevu. Ajitazame mwenyewe kwanza: yeye ameshuka kutoka wapi?

Haya, turudi sokoni. Umebeba kikapu chepesi katika Mtaa wa Msimbazi. Nyuma yako anakuja msukuma mkokoteni, magunia yamejaa, jasho lamtiririka, naye anaomba njia. Wewe una haki ya kupita kama yeye. Lakini mzigo wake ni mzito kuliko wako. Mpishe. Tena, mkisha kupatana na mchukuzi malipo, usianze kumpunguzia mkifika nyumbani, mzigo umekwisha kushuka, naye amechoka.

Kumtanguliza mwenzako kuna gharama. Hutoa dakika zako, nafasi yako, pengine na fedha yako. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakafukiwa. Zaidi ya 20 walikufa. Lakini kabla mitambo mikubwa haijafika, watu walikuwa wamekwisha kuanza kuvunja zege kwa nyundo na kuondoa kifusi kwa mikono mitupu. Waliwafukua hata wasiowajua. Hawakuuliza kwanza kabila wala dini ya mtu aliye chini. Watu wengi walitolewa wakiwa hai.

Si kila siku jengo huanguka. Kwa hiyo wewe anza hapa darasani. Labda wewe wasoma upesi kuliko mwenzako. Akikwama katika silabi, usimdakie neno ili usifiwe. Ngoja amalize mwenyewe. Mtu mzima akichekwa mara moja mbele ya watu, huenda asirudi tena darasani, naye atabaki kutia dole gumba maisha yake yote. Na wewe baba ambaye mtoto wako anajua kusoma, mwombe akufundishe jioni. Hutapungukiwa na ubaba wako. Kuuliza si ujinga.

Sasa andikeni maswali haya:

1. Jina Kariakoo limetoka wapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuwekwa chini na kushuka kwa hiari?
3. Juma hili utamtanguliza nani, na utatoa nini?

Kazi ya nyumbani: Mtaa wa Samora, karibu na Posta, ipo sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Juu amesimama askari mwenye bunduki. Chini yapo maandishi, na ndani yake wapagazi wametajwa kuwa ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Majina yao hayakuandikwa. Nenda ukasome maandishi hayo polepole, neno kwa neno. Mwenzako asiyejua kusoma akisimama karibu nawe, msomee kwa sauti.

Kwaherini, hadi somo lijalo.