Karatasi Isimalizike Kabla ya Dalili za Hatari

Akina mama wenzetu, sisi tunaochapa vikaratasi vya mafundisho ya afya twajua kwamba ukurasa wa pili hupotea upesi. Huenda ndio wenye dalili za hatari za mtoto anayeharisha: macho kubonyea, kushindwa kunywa.

Tangu toleo la 2007, programu ya Word huongeza yenyewe nafasi chini ya kila aya: kwanza pointi 10, na tangu toleo la 2013 pointi 8. Pointi 72 ni inchi moja. Hivyo aya tisa hula inchi nzima.

Tusipunguze herufi, bibi naye asome. Tuchague maandishi yote, tufungue Paragraph, penye After tuandike 4, tubonyeze OK. Nusu inchi hiyo yatosha kwa onyo la mwisho.