Mzinga wa Arsenal ni wa Nani? Nembo Kati ya Mwenye Chapa na Mvaaji

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza: maana ya matini ni mali ya mtunzi au ya msomaji? Tunamtaja Roland Barthes na kile kifo chake cha mwandishi, tunafunga daftari, tunakwenda kula. Kumbe swali hilohilo liliwahi kufikishwa mahakamani, tena kwa sababu ya skafu.

Matthew Reed alikuwa akiuza skafu, kofia na fulana nje ya uwanja wa Highbury, London, tangu mwaka 1970. Mwaka 1989 klabu ya Arsenal ilisajili jina lake na picha ya mzinga (wa vita jamani, si wa nyuki) kuwa alama zake za biashara. Reed hakumficha mtu. Kwenye meza yake aliweka bango la kueleza kwamba nembo zile ni mapambo tu, hazina maana kwamba bidhaa ni rasmi. Klabu ikamshtaki.

Utetezi wake ungeweza kuandikwa na mhakiki. Alidai kwamba anayevaa mzinga hasemi "nguo hii imetoka Arsenal". Anasema "mimi ni wa Arsenal". Jaji Laddie wa Mahakama Kuu aliiona hoja hiyo ina uzito, akapeleka maswali Mahakama ya Ulaya. Tarehe 12 Novemba 2002 jibu likatoka: haidhuru mvaaji anaiona nembo kama alama ya mapenzi, kwani kazi kubwa ya alama ya biashara ni kuthibitisha bidhaa imetoka kwa nani. Na lile bango je? Bango lilibaki mezani, skafu ikaondoka. Atakayeiona mtaani hatajua bango lilisema nini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliipa klabu ushindi.

Hapo mwanafunzi wa fasihi simulizi lazima ashtuke kidogo. Mahakama imefanya kile tunachokatazwa kila siku: kuitoa matini katika muktadha wa utendaji. Lakini, tuseme kweli, imeona jambo. Ishara husafiri. Ilichosahau ni kwamba huko inakokwenda kuna mtu aliyeivaa, naye ni fanani pia.

Hebu tutazame kanga. Mama akinunua kanga yenye jina la kumsuta jirani, nani anayesema? Si kiwanda! Jirani akikasirika hataandika barua kiwandani. Hata hivyo kanga hiyohiyo yaweza kuwa na alama ya mwenye kuiuza pembeni, kama ile "K.H.E. Mali ya Abdulla" ya Mombasa. Ishara mbili, nguo moja: jina linamsemea mvaaji, alama ya pembeni inamsemea mfanyabiashara. Ugomvi wa Highbury ulitokana na mzinga mmoja kubebeshwa kazi zote mbili.

Kwa hiyo mimi naona kanuni za nembo zichunge pembeni na ziache jina. Anayeuza aandike wazi, kwenye nguo yenyewe, kwamba si mtengenezaji rasmi. Anayejifumia skafu yake, au anayechora mzinga ukutani kwake, hafanyi biashara, na sheria ya alama za biashara inahusu matumizi ya kibiashara. Hakimiliki ya mchoro ni habari nyingine, na ndiyo inayobana zaidi: mwaka huohuo wa 2002 Arsenal ilibadili nembo yake, sababu mojawapo ikiwa ugumu wa kuilinda ile ya zamani kwa hakimiliki. Mzinga ukageuzwa, ukaelekea upande wa pili. Mashabiki kadhaa walinung'unika. Mwenye chapa aliweza kuigeuza bila kuwauliza, lakini skafu za zamani hakuweza kuzivua shingoni mwao.

Nayasema haya kwa kuwa msimu wa fulana za mahafali unakaribia. Kuna watakaotaka kuichora nembo ya chuo ikiwa imevaa miwani au imeshika kalamu ya wino, na kuna ofisi itakayotaka kuzuia. Kabla ya kuzuia, ofisi iulize tu: fulana hiyo inauzwa kwa jina la chuo, au mwanafunzi anajisemea?