Mto mmoja, madaraja matatu

Mwaka 1929 mkondo wa Msimbazi, Dar es Salaam, ulijengewa daraja karibu na pale unapoingia baharini, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni Tanganyika. Midomo ya watu ililainisha jina hilo likawa Salenda. Baada ya uhuru mitaa mingi ya Dar es Salaam ilibadilishwa majina, hata Acacia Avenue ya Waingereza leo ni Samora. Salenda imebaki.

Daraja lenyewe ni la chini na fupi, ingawa lilikuja kupanuliwa kwa msaada wa Japani. Lakini ndilo lililoufungua mji upande wa kaskazini. Wakati huo watu walitengwa kwa rangi: Wazungu Uzunguni, Wahindi Uhindini, na Waafrika Kariakoo, eneo lililopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Njia ilipopatikana, Oysterbay ikawa makazi ya maofisa wa Kizungu, yenye bustani pana na upepo wa bahari.

Tangu 2022 Salenda ina jirani wa kuvutia macho, Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Atakayelilinganisha na Daraja la Nyerere la Kigamboni ataona tofauti. Kigamboni minara ni mirefu, na nyaya ndizo zinazoning'iniza sehemu kubwa ya uzito wa barabara. Nguzo za Tanzanite ni fupi na nyaya zake zimelala. Mzigo mwingi unabebwa na boriti nene ya zege, nyaya zikiikaza tu. Ni ubunifu mzuri kweli, na vijana wanaokwenda kupigia picha pale wana haki ya kujivunia.

Hata hivyo, daraja linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi liko juu kidogo ya mto huohuo, Jangwani, mlangoni mwa Kariakoo. Msimbazi hushuka kutoka milima ya Pugu ukibeba mchanga, na ufikapo kwenye bonde tambarare hupungua kasi na kuutua. Kitanda cha mto hupanda, nafasi chini ya daraja hupungua, mvua kubwa ikinyesha maji hupita juu ya lami. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, Barabara ya Morogoro, inayovuka mto kwa daraja hilo, imefungwa hapo mara kadhaa, na wafanyabiashara wa Kariakoo wakabaki wakiwasubiri wateja wa Magomeni na Kimara, ng'ambo ya bonde.

Ndiyo maana mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umepanga daraja jipya la mita 390, lililoinuliwa juu ya bonde. Abiria wa Kimara atavuka juu ya maji yaleyale ambayo, mbele kidogo, hupita chini ya Salenda yakielekea baharini.