Risasi Huishi Zaidi Kuliko Bunduki

Jeshi la Ufini lina bunduki ya wadunguaji iitwayo 7.62 Tkiv 85. Iliundwa na kampuni ya Valmet katika miaka ya 1980, ikapewa mtutu mpya mzito na kitako cha kisasa. Lakini kile kiunzi cha chuma kinachoshika mtutu kwa mbele na kubeba boliti kwa nyuma hakikutengenezwa Ufini, wala hakikutengenezwa miaka ya 1980. Kilitoka kwenye bunduki za Mosin-Nagant za dola ya Tsar wa Urusi, na baadhi ya viunzi hivyo vilifuliwa katika karne ya 19. Taifa lenye viwanda vyake na mafundi hodari liliingia karne ya 21 likiwapa wadunguaji wake chuma cha babu wa mababu zao.

Waliofanya hivyo walijua hasa walichokuwa wakifanya, na sababu yao ni risasi. Mwenye kuamua kuwa askari wote wa nchi, wa kambini na wa mpakani, watabeba silaha ya aina moja, hudhani anachagua bunduki. Kwa kweli anachagua risasi, na akishaichagua itawabana wajukuu wake.

Ufini ilijitangazia uhuru Desemba 1917. Bunduki zilizobaki nchini humo baada ya utawala wa Urusi zilikuwa Mosin-Nagant za muundo wa mwaka 1891, zinazotumia risasi ya 7.62 kwa 54, yaani kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 54. Vibao vyake vya kulengea viliandikwa kwa arshin, kipimo cha Kirusi cha takriban sentimita 71. Askari wa Kifini aliyefundishwa kukadiria umbali kwa mita angeweka alama ya 400 akidhani adui yuko mita 400, kumbe bunduki imepangwa kwa mita 284. Kwa hiyo mafundi walianza na kazi ndogo kabisa: kuzipitia bunduki na kuandika upya namba za vibao kwa mita.

Kazi ngumu zaidi ilisababishwa na Wafini wenyewe. Nchi ilikuwa na vyombo viwili vya silaha. Kulikuwa na jeshi la serikali, na kulikuwa na Suojeluskunta, jeshi la raia wa kujitolea lenye makao yake makuu, bajeti yake na karakana yake. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1921, na jina lake leo linajulikana kwa wawindaji wa dunia nzima: Sako. Kila upande ukaifanyia marekebisho Mosin-Nagant kwa namna yake. Jeshi likatoa M/27. Jeshi la raia likaagiza mitutu kutoka kampuni ya SIG ya Uswisi, likatoa M/28 na baadaye M/28-30, bunduki aliyoitumia Simo Häyhä, mkulima wa Rautjärvi ambaye umahiri wake wa kulenga katika Vita vya Majira ya Baridi bado unasimuliwa. Zilikuwa bunduki nzuri zote. Lakini zilikuwa ndugu wasiosikilizana: baadhi ya vipuri vya moja havikukaa kwenye nyingine, na mitutu ya Kifini ya wakati huo ilikuwa finyu kuliko ya Kirusi kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita.

Mtu atauliza, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita ina madhara gani? Jibu limo ndani ya chemba ya bunduki.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Pini ikigonga fataki, baruti huwaka na kugeuka gesi. Katika sehemu ndogo mno ya sekunde mgandamizo hupanda kupita mara 3,000 ule wa hewa tunayovuta. Ganda hutanuka likabana kuta za chemba na kuziba njia ya gesi, na boliti ndiyo inayozuia ganda lisiruke kinyumenyume kuelekea jicho la askari. Kichwa cha risasi nacho kinalazimishwa kuingia kwenye mifereji iliyokatwa kwa mzunguko ndani ya mtutu ili kitoke kikizunguka na kuruka bila kuyumba. Kichwa kikiwa kinene kuliko mtutu, mgandamizo hupanda kupita ule uliokusudiwa. Kikiwa chembamba, gesi huvuja pembeni yake na shabaha hupotea. Na ikibaki nafasi kubwa mno kati ya uso wa boliti na kitako cha ganda, ganda linaweza kupasuka. Ndiyo maana fundi silaha ana vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi: kwa kimoja boliti lazima ifunge, kwa cha pili lazima ikatae kufunga. Huo ndio usanifishaji wenyewe. Silaha mbili zinaweza kubeba jina moja na nembo moja, lakini zisipopita kipimo kilekile, kwa fundi ni silaha mbili tofauti.

Kwa sababu hiyo wakuu wa jeshi na wa jeshi la raia walikaa pamoja wakakubaliana juu ya bunduki moja. Ikapitishwa Februari 1939, ikaitwa M/39. Mtutu wake ulipanuliwa kidogo ili upokee vizuri risasi ya Kifini na pia ile ambayo ingetekwa kutoka kwa jirani. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu: nchi ndogo ikipigana na nchi kubwa, ghala la adui ni sehemu ya hesabu zake. Kwa bahati mbaya makubaliano yalichelewa. Umoja wa Kisovieti ulivamia tarehe 30 Novemba mwaka uleule, na M/39 zilikuwa karibu hazijatoka kiwandani. Wanajeshi wa Ufini walipigana majira ya baridi yale kwa mchanganyiko wa Mosin-Nagant za kila toleo, na kilichowaokoa ni kwamba zote, pamoja na za adui, zilikula risasi ya ukoo mmoja. Baadaye zilitengenezwa M/39 zipatazo 100,000, na kila moja ilijengwa juu ya kiunzi cha zamani cha Kirusi, maana Ufini haikuwahi kufua kiunzi kipya cha bunduki hiyo.

Jeshi ambalo halikupata bahati hiyo ya risasi moja hulipa kwa damu, na sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Mwaka 1914 askari wa jeshi la Wajerumani katika Tanzania bara ya leo hawakuwa na bunduki ya aina moja. Wengine walikuwa na Mauser mpya. Wengine walibeba bunduki za muundo wa mwaka 1871, zenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa chembe ngumu, ndiyo maana hutoa wingu zito la moshi. Baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, hugeuka karibu yote kuwa gesi. Kwa hiyo askari wawili wa jeshi moja, wenye mafunzo sawa na ushujaa sawa, walipofyatua toka kichakani, mmoja alibaki amefichika na mwenzake alijitangaza alipo. Mkuu wa ugavi naye alilazimika kupeleka risasi za aina mbili, akiomba Mungu zisipishane njiani. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 askari hao waliokota mamia ya bunduki za Waingereza na risasi zaidi ya nusu milioni, ikawa aina ya tatu. Mwaka uliofuata meli Rubens ikawaletea risasi za Mauser katika Ghuba ya Manza, lakini zililowa maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe, zisafishwe na kukaushwa. Walipoweka silaha chini Abercorn, sasa Mbala ya Zambia, Novemba 1918, sehemu kubwa ya bunduki zao zilikuwa za Waingereza na Wareno. Walipigana miaka minne kwa kufuata risasi ilipo.

Turudi Ufini. Mwaka 1962 nchi hiyo ilipitisha RK 62, bunduki iliyotokana na AK ya Kirusi, yenye risasi ya 7.62 kwa 39. Safari hii hakukuwa na mivutano ya zamani. Bunduki hiyo na mrithi wake RK 95, ambazo magazini zake zinaingiliana, zilikwenda kwa jeshi na kwa Rajavartiolaitos, kikosi cha walinzi wa mpaka. Kikosi hicho kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kazi yake ya kila siku ni pasipoti, magendo na doria za msituni kwenye mpaka wa kilomita zipatazo 1,340 na Urusi. Vita vikija, sheria inaruhusu kiunganishwe na jeshi. Kimezoea pia kuwafunza vijana wanaotumikia jeshi kwa lazima, kambini Onttola kwa mfano. Mlinzi wa mpaka akikutana na kikosi cha jeshi usiku katika theluji, magazini yake inaingia kwenye bunduki ya mwenzake bila kuuliza.

Kisha kuna askari wa akiba. Jeshi la Ufini la wakati wa vita hupangwa kufikia watu 280,000, na wengi wao ni walimu, madereva, wakulima na wauguzi walioondoka kambini zamani. Mikono yao inaikumbuka RK 62 kwa kuwa haikubadilishiwa silaha kila miaka michache. Kwa nchi inayotegemea watu wa aina hii, kumbukumbu ya vidole ni ghala la silaha kama maghala mengine, ingawa haionekani kwenye hesabu za wizara.

Bunduki ya aina moja kwa wote ina hatari yake pia. Ikiwa na kasoro, wote wana kasoro. Marekani ilijifunza hilo Vietnam. M16 ilijaribiwa kwa baruti ya aina fulani, halafu ikapelekwa vitani na risasi zenye baruti nyingine, iliyoacha uchafu zaidi na kuongeza kasi ya ufyatuaji. Chemba haikuwa imepakwa kromiamu kuzuia kutu. Bunduki zikakwama mikononi mwa vijana porini, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikatoa ripoti kali. Ilichunguzwa bunduki, kumbe kosa kubwa lilikuwa kwenye risasi.

Aprili 2023 Ufini iliingia NATO, ambako risasi za bunduki za askari ni hasa 7.62 kwa 51 na 5.56 kwa 45. Mwaka mmoja kabla yake Wizara ya Ulinzi ilikuwa imeidhinisha ununuzi wa bunduki mpya ya Sako, M23, inayotumia hiyo 7.62 kwa 51, katika mpango wa pamoja na Uswidi. Hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya Tkiv 85 na chuma chake cha Tsar. Na Sako, ile karakana iliyokuwa ya upande mmoja wa ugomvi wa miaka ya 1920, sasa inaunda silaha za majeshi ya nchi mbili.

Swali zito ni la RK 62. Hesabu ya uzani inaonyesha kwa nini 5.56 inavutia. Risasi 300 za 5.56 zina uzito wa kilo tatu na nusu hivi, za 7.62 kwa 39 zinakaribia kilo tano, na za 7.62 kwa 51 zinapita kilo saba. Kichwa cha 5.56 kina gramu nne tu, lakini hutoka kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde, ilhali cha RK 62 chenye gramu nane hutoka kwa mita 700 na kitu. Msukumo begani ni mdogo, na kijana anajifunza kulenga mapema. Lakini kuhama kunamaanisha kubadili mitutu, magazini, mashine za kiwandani, vibao vya kulengea na milima ya risasi iliyojazwa maghalani kwa miaka 60, na wakati wa kuhama aina zote mbili zitakuwa barabarani pamoja. Hapo ndipo majeshi huwa dhaifu kuliko wakati wowote. Naamini Ufini itahama, na itahama polepole, ikianza na silaha chache za wadunguaji kama ilivyofanya. Ni njia ya busara.

Kwetu, nchi nyingi za kanda zimetia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, inayozitaka ziweke alama kwenye bunduki zao na kuondoa zile zilizopitwa na wakati. Siku serikali yako itakapotangaza bunduki mpya kwa jeshi, polisi na walinzi wa mpaka, usiridhike na picha ya gwaride. Mtake mbunge wako aulize bungeni risasi zake zitatengenezwa wapi, na bunduki za zamani zitayeyushwa lini na mbele ya nani. Bunduki inayotoka ghalani bila kuharibiwa itapata mmiliki mwingine, na risasi zake bado zipo.