Safari ni neno letu, mashindano yasimuliwe kwa Kiswahili

Kila msimu mpya wa mashindano ya magari unapobisha hodi, ubishi wa mashabiki huanza upya kisiwani Mombasa. Katika baraza za Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba hata mkokoteni na mpita njia hupishana kwa taabu, utawasikia vijana wakiwataja madereva wa Ulaya kana kwamba ni majirani zao wa Ndia Kuu. Mimi ni mmoja wa mashabiki hao, na kazi yangu ni kufundisha isimu. Kwa hivyo msimu ujao nautazama kwa macho mawili: moja li barabarani, la pili li katika lugha.

Barabarani yako mengi ya kungojewa. Mwaka 2027 ndio uliowekwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIA, uwe mwanzo wa kanuni mpya za ubingwa wa dunia. Gharama ya gari moja imewekewa kikomo cha yuro 345,000, kwa matumaini kuwa waundaji zaidi watavutika kushiriki. Sisi wa Kenya tunauliza ni nani atakayevunja nguvu za Toyota, iliyotwaa ushindi wa Safari kila mwaka tangu mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 hadi 2025. Tunauliza pia ni lini Mkenya atakaposhinda tena. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Joginder Singh alituzwa mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta mara tano, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Naye Ian Duncan akashinda mwaka 1994. Tangu hapo, kila Safari lilipohesabiwa katika ubingwa wa dunia, taji kuu limekwenda na wageni. Faraja tuliipata mwaka 2022, binti yetu Maxine Wahome aliposhinda katika daraja la WRC3.

Hata hivyo, jambo linalonikera zaidi si taji. Ni kwamba mashindano haya yenye jina la Kiswahili aghalabu husimuliwa kwa Kiingereza. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandalizi wake walipotafuta neno la kubeba masafa, vumbi, tope na subira, walitumia safari, neno ambalo Kiingereza kilikuwa kimelikopa kutoka kwetu, nasi tukiwa tumelipata kwa Waarabu. Leo neno hilo linatajwa Ulaya na Japani bila kufasiriwa.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kuusimulia mchezo huu. Dai hilo halina mashiko. Mshike dereva yeyote umuulize alichokamata mkononi, atakujibu, usukani. Neno hilo lina asili ya baharini: sukani ni ubao wa nyuma wa chombo unaokiongoza majini. Kiongozi wa timu ya kandanda tunamwita nahodha, jina la mkuu wa jahazi. Anayeendesha ndege ni rubani, jina la mtu aliyejua miamba na mikondo ya maji, akakiongoza chombo hadi bandarini salama. Maneno haya yalikuwa yakitumika katika Bandari ya Kale ya Mombasa kabla ya gari la kwanza kuonekana nchini. Bahari iliwapa msamiati wasafiri wa nchi kavu na wa angani. Itashindwaje kuwapa wakimbizaji wa magari?

Chukua mfano wa yule aketiye kando ya dereva akimsomea maelezo ya njia: kona ya kushoto, kali, kisha daraja, kisha jiwe upande wa kulia. Magazeti yetu humwita mwelekezi, nalo ni neno zuri. Lakini kazi yake ndiyo hasa kazi ya rubani wa kale, ambaye nahodha humtegemea mahali asipopajua. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi wake uhusiano huu atakuwa amefundisha historia, jiografia na lugha kwa mpigo mmoja.

Mombasa ina haki ya kulisema hili. Katika miaka ya sabini na themanini Safari lilikuwa likishuka hadi pwani kisha likapanda tena kuelekea Nairobi, na Pasaka bila Safari haikuwa Pasaka. Siku hizi kitovu chake ni Naivasha. Sababu zinaeleweka: mashindano ya zamani yalipita katika barabara zisizofungwa, kwa maelfu ya kilomita, ilhali ya leo hufanyika katika sehemu maalumu zilizofungwa, zisizofikia kilomita 400 kwa jumla. Magari yametuhama, lakini lugha haihitaji barabara iliyofungwa ili isafiri.

Kwa hivyo nawaomba watangazaji watayarishe istilahi zao kabla ya msimu kufunguliwa, wala wasingoje magari yaanze kunguruma. Nawaomba walimu watoe angalau insha moja juu ya Safari. Nanyi wanafunzi, nawapa zoezi: zimeni sauti ya televisheni mashindano yanapoonyeshwa, kisha mmoja wenu atangaze kwa Kiswahili kwa dakika tano. Atakapokwama, andikeni kile alichokosa jina, mkawaulize mabaharia, mafundi wa magari na wazee wa mtaa. Yamkini neno lipo, ila hatujawahi kuliuliza.